Daktari Guttmann na Mtunza Alama Wetu

Bwana Mhariri aliponiandikia kuniomba habari za mtu mmoja maarufu aliyekufa zamani, kwa ajili ya kurasa hizi za Kiswahili, labda alidhani nitamletea mfalme au mvumbuzi wa mitambo. Naomba radhi. Mtu wangu ni tabibu, tena tabibu wa wagonjwa ambao matabibu wenzake walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa. Na kabla sijamleta yeye, sina budi kuwasimulieni jambo moja la shule yetu hapa Kicukiro, maana bila hilo msomaji hatajua kwa nini nimemchagua yeye nikawaacha wengine.

Mwaka wa 2004 nilikuwa katibu wa chama cha mpira wa wavu shuleni. Waliosoma siku hizo wanakikumbuka kiwanja chetu: chini ya mteremko, upande wa bondeni, na njia yake ilikuwa ngazi za udongo zilizochimbwa kwa jembe. Mvua ikinyesha, hata sisi wenye miguu mizima tulishuka tukishikana mikono. Siku ya kuandikisha wanachama alikuja mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye miguu yake yote miwili ilikuwa imelemaa tangu utotoni, naye alitembea kwa magongo. Jina lake silitaji. Aliniambia kwamba anataka kujiunga na chama. Sikumkatalia, na hilo ndilo lililonidanganya kwa miaka mingi nikadhani kwamba nilitenda vema. Niliandika jina lake katika daftari, na mbele ya jina, katika safu ya kazi, nikaandika kuwa yeye ni mtunza alama.

Akatunza alama miaka miwili. Alikaa juu ya jiwe kando ya mlingoti wa wavu, na mvua ikianza alilificha daftari ndani ya shati lake. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea hesabu. Tulipokwenda kucheza na shule nyingine yeye alibaki, kwa sababu wenyeji walikuwa na mtunza alama wao, na gari lilikuwa dogo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule redio ilitangaza kwamba Jean de Dieu Nkundabera, mtu wa nchi yetu, amepata medali ya shaba katika mbio za mita 800 huko Athens, kwenye Michezo ya Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Ilikuwa medali ya kwanza ya Rwanda katika michezo hiyo. Tulipiga kelele mabwenini, tukagonga sahani. Jioni tukashuka kiwanjani tukacheza, na mwenzetu akatuandikia alama. Hakuna miongoni mwetu, na mimi wa kwanza, aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Sasa nimlete mtu wangu.

Ludwig Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, katika nchi ya Silesia, ambayo wakati ule ilikuwa ya Ujerumani na leo ni ya Polandi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa kijana, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alifanya kazi ya kujitolea katika hospitali ya majeruhi iliyokuwa katika mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Siku moja mwaka wa 1917 aliletwa mchimbaji mmoja, mtu mwenye nguvu na kifua kipana, aliyevunjika uti wa mgongo. Guttmann akaanza kuandika habari zake kama ilivyompasa, lakini daktari akamwambia asijisumbue, kwa kuwa mtu yule atakufa katika majuma machache. Wakamweka nyuma ya pazia, mbali na wenziwe. Baada ya majuma matano akafa kweli, wala si kwa jeraha lake, bali kwa vidonda vya kulalia na sumu iliyoingia katika damu. Guttmann aliikumbuka sura ya mtu huyo maisha yake yote.

Akaenda chuo kikuu kusoma utabibu, kwanza Breslau, kisha Freiburg. Na hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa habari zake hulipita upesi, nami naona ni la maana. Wanafunzi wa Kijerumani siku hizo walikuwa na vyama vyao vingi, vya michezo na vya maongezi, na vingi katika hivyo havikutaka Myahudi aingie. Basi Guttmann na wenzake wakaingia katika chama chao wenyewe, wakafanya mazoezi ya mwili kwa bidii ili wasidharauliwe. Kwa hiyo huyu ambaye baadaye angefungulia watu wengi mlango wa michezo alijua tangu ujana maana ya kusimama nje ya mlango wa chama.

Alihitimu mwaka wa 1924, akajifunza kazi ya mishipa ya fahamu na ubongo kwa bwana mmoja mashuhuri aitwaye Otfrid Foerster, akawa miongoni mwa matabibu bora wa fani hiyo katika Ujerumani. Hata mwaka wa 1933 Hitler aliposhika utawala, Guttmann aliondolewa katika hospitali ya serikali, kwa sababu ya Uyahudi wake tu, akaenda kufanya kazi katika Hospitali ya Wayahudi ya Breslau. Mwaka wa 1937 akawa mkuu wake.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 wafuasi wa Hitler walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi nchi nzima, na kuwakamata wanaume kwa maelfu. Guttmann aliwaamuru watu wa hospitali wampokee kila mwanamume atakayebisha hodi, bila kumwuliza anaumwa nini. Wakaingia watu 64. Asubuhi wakaja polisi wa siri kutaka maelezo. Daktari akawatembeza kitanda kwa kitanda, na kila alipofika akamtungia mtu ugonjwa, huku akimkonyeza mgonjwa nyuma ya mabega ya polisi ili naye aukunje uso kama mwenye maumivu. Katika wale 64, watu 60 waliokoka siku ile. Nisomapo habari hii huwa sijui kama nicheke au nilie.

Mwezi wa Machi 1939 alifika Uingereza pamoja na mkewe Else na watoto wao wawili, akakaa Oxford. Miaka michache alifanya uchunguzi tu katika maabara na hospitali za huko, bila kuwa na wodi yake mwenyewe. Lakini vita vilipokuwa vikiendelea, serikali ya Uingereza ilijua kwamba siku majeshi yatakapovuka bahari kuingia Ufaransa, askari wengi watarudi wamevunjika migongo. Ikamwuliza Guttmann kama angekubali kuongoza wodi mpya ya watu hao. Akakubali kwa sharti kwamba afanye kazi kwa njia yake mwenyewe. Tarehe 1 Februari 1944 wodi ikafunguliwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury, ikiwa na mgonjwa mmoja tu.

Njia yake haikuwa ya ajabu. Ilikuwa ya kuchosha. Mtu aliyepooza hasikii maumivu pale anapolalia, basi nyama huoza bila yeye kujua. Guttmann akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, naye mwenyewe alikuja usiku wa manane kuhakikisha kwamba wamegeuzwa. Akatunza vibofu vyao visiingie uchafu. Wale waliodhaniwa kuwa maiti wa kesho wakaanza kunenepa, na hapo likazuka jambo jipya, maana aliyekata tamaa ya kuishi ameambiwa ataishi, sasa aishi vipi? Daktari hakupenda kuona mtu amelala anatazama dari. Akaleta useremala, utengenezaji wa saa, kupiga taipu. Alikuwa mkali, ndiyo. Wengine walimwogopa, na wagonjwa wake walimwita Baba kwa mapenzi na kwa hofu pia.

Michezo haikuanza kwa amri yake. Alitoka siku moja akawakuta wagonjwa uwanjani, wameketi katika viti vya magurudumu, wanapiga kitu cha mviringo huku na huku kwa fimbo za kutembelea walizozigeuza juu chini. Mtu mwingine angewakemea wasije wakaumia, au angesimama kando awapigie makofi ya huruma. Yeye na mwalimu wa mazoezi, mtu wa jeshi, wakavuta viti viwili, wakaketi, wakajaribu kucheza nao, wakaona jinsi kazi ile ilivyo ngumu. Baadaye mchezo huo uliachwa kwa kuwa ulikuwa wa vurugu mno, ukafuatwa na mpira wa kikapu na michezo mingine. Lakini nawasihi wasomaji wakitazame kitendo chenyewe. Daktari hakuwatafutia wagonjwa kazi pembeni mwa mchezo. Alikaa chini akaujifunza mchezo kutoka mahali walipo wao.

Katika michezo yote, ule alioupenda kwa namna ya pekee ulikuwa upinde na mishale. Kwanza hukaza mabega na mgongo, na mtu aliyepooza miguu huishi kwa mabega yake. Pili, na hili ndilo kubwa, mlengaji mwenye kiti cha magurudumu hupanga mstari mmoja na mlengaji aliyesimama. Umbali ni ule ule, shabaha ni ile ile, na mshale hauulizi umetoka kwa mtu wa namna gani. Walengaji wa Stoke Mandeville waliweza kushindana na vyama vya kawaida vya upinde, vya watu wazima wa miguu. Baadaye sana, mwaka wa 1984, mama mmoja wa New Zealand aitwaye Neroli Fairhall alilenga shabaha akiwa katika kiti cha magurudumu katika Michezo ya Olimpiki yenyewe huko Los Angeles, pamoja na waliosimama. Sisi Wanyarwanda tusingepaswa kushangaa, kwa kuwa kumasha ni mchezo wa wazee wetu, na kila mtu aliyewahi kushika umuheto anajua kwamba kazi ni ya jicho na mkono.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Mfalme wa Uingereza alipofungua Michezo ya Olimpiki katika London, Guttmann alikusanya walengaji 16 waliopooza juu ya majani ya hospitali yake, wanaume 14 na wanawake 2, kutoka Stoke Mandeville na kutoka nyumba moja ya askari wastaafu. Nyumba ile ikashinda. Kumi na sita tu! Shule yetu hupata zaidi ya hao katika mashindano ya mabweni. Hata hivyo mwaka uliofuata daktari alitamka mbele ya watu kwamba anatumaini siku moja michezo hii itakuwa kwa walemavu kama Olimpiki ilivyo kwa wengine. Nadhani wako waliotabasamu.

Mwaka wa 1952 walikuja Waholanzi, michezo ikawa ya mataifa. Mwaka wa 1960 ikatoka Uingereza ikaenda Roma, ambako walikusanyika wachezaji kama 400 wa nchi 23, na hiyo ndiyo sasa inahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Nyumba walizopewa zilikuwa zimejengwa juu ya nguzo, zenye ngazi, ikawa askari wa Italia wanawapandisha na kuwashusha mikononi. (Ngazi tena. Naona hazikuwa za Kicukiro peke yake.) Aliyewapatia Waingereza dhahabu yao ya kwanza huko Roma alikuwa Margaret Maughan, mwalimu aliyevunjika mgongo katika ajali ya gari mwaka wa 1959 huko Nyasaland, yaani Malawi ya leo, akapelekwa kutibiwa Stoke Mandeville. Alipata dhahabu hiyo kwa upinde, mwaka mmoja tu baada ya ajali yake.

Mwaka huo huo wa 1960, hapa kwetu, padri Mbelgiji Joseph Fraipont, ambaye Wanyarwanda tunamjua kwa jina la Ndagijimana, alianzisha pale Gatagara nyumba ya kuwatibu na kuwasomesha watoto walemavu. Alifariki mwaka wa 1982, na nyumba yake ingali ikifanya kazi. Sina habari kwamba mabwana hawa wawili walijuana. Nayataja hayo ili mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Ulaya tu. Hata Kenya na Uganda zilipeleka wachezaji wao katika Paralimpiki mwaka wa 1972 huko Heidelberg.

Nisimpake Guttmann sukari. Michezo yake, kwa miaka mingi, ilikuwa ya watu waliopooza kwa uti wa mgongo tu. Asiyeona na aliyekatwa mkono walingoja nje mpaka michezo ya Toronto ya mwaka wa 1976. Nimefikiri sana juu ya hilo. Labda kila afunguaye mlango huufungua kwa kadiri ya wale aliowaona wamesimama mbele yake, na walio nyuma yao hawaoni. Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka wa 1966. Mwaka wa 1969 ukafunguliwa uwanja wa michezo kando ya hospitali yake, na tarehe 18 Machi 1980 akafa, umri wake miaka 80. Hakuwahi kuona michezo ya Seoul ya mwaka wa 1988, ambako walemavu walichezea viwanja vile vile vya Olimpiki.

Wala hakuona jambo la mwaka wa 2012, nalo ndilo lililonirudisha mimi katika daftari langu la zamani. Mwaka huo Rwanda ilipeleka London timu ya mpira wa wavu wa kukaa, ya kwanza kutoka Afrika ya kusini ya Sahara kufika katika Paralimpiki. Katika timu hiyo walikuwamo watu waliokuwa askari wa pande mbili zilizopigana katika nchi yetu, sasa wamekaa upande mmoja wa wavu. Nilitazama katika televisheni, katika duka la jirani, karibu na njia ya kwenda Sonatube. Nilikuwa sijapata kuuona mchezo ule. Kiwanja ni mita 10 kwa 6. Wavu wa wanaume uko mita 1.15 kutoka chini, wa wanawake mita 1.05. Mchezaji hukaa chini, huenda kwa mikono, na haruhusiwi kuinua makalio anapopiga mpira. Upesi wake ulinishangaza, kwa kuwa wavu ni mfupi na mpira hauna muda wa kukaa hewani. Miaka minne baadaye, Rio de Janeiro, wakaenda wanawake wetu.

Nilipotoka dukani sikuwa na furaha kama wenzangu. Ilinichukua miaka mingine mingi kupata moyo wa kumtafuta yule mwenzetu. Mwaka jana nikampata. Ni mhasibu, ana mke na watoto, na bado hakosei hesabu. Tulikunywa chai. Nikamwambia lililonileta, kwamba sikupata kumwuliza kama alitaka kucheza. Alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza bila hasira kwamba nyumbani kwao, kabla hajaja shule, yeye na ndugu zake walikuwa wakifunga kamba ya kuanikia nguo chini chini kati ya miti miwili, wote wakakaa uani, wakacheza hivyo kila likizo. Ndugu zake wazima wa miguu ndio waliokuwa wakishindwa. Alipokuja kujiandikisha kwangu alikuwa amekusudia kunieleza mchezo huo, lakini aliniona nimekwisha kuandika.

Basi nimesikia kwamba muhula huu wako wanafunzi wawili wenye ulemavu wa miguu katika shule yetu, na kwamba mmoja wao amekwisha kuomba kuingia katika chama cha mpira wa wavu. Katibu wa sasa simjui. Jumamosi iliyopita nilikuja shuleni kwa ruhusa ya mwalimu wa michezo, nikapima kwa hatua ule uwanja wa nyuma ya jiko, mahali ambapo siku zetu palikuwa pa kuni. Ni tambarare, hakuna ngazi, na mita 10 kwa 6 zinaingia na nafasi inabaki. Wavu nimeununua, nimeuacha ofisini kwake. Yule mhasibu amekubali kuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa, nao ndugu zake wawili watakuja. Anayetaka kucheza aje na suruali nzito, kwa kuwa changarawe bado hazijaondolewa zote. Alama nitatunza mimi.